Target Field na watu saba ambao redio haikunionyesha

Metrodome ilinizoesha kutazama besiboli kwa kugeuza shingo. Uwanja ule wa zamani wa Minneapolis, uliofunguliwa 1982, ulitumiwa pia kwa mpira wa miguu wa Kimarekani, na viti vingi vya pembeni vilipangwa kuufuata huo. Ukikaa upande wa besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji, mwili wako unaelekea katikati ya nyasi bandia ambako hakuna kinachoendelea, na mpigaji yuko kushoto kabisa, mbali. Juu kulikuwa na paa la kitambaa cheupe lililoshikiliwa na hewa iliyopulizwa ndani mfululizo. Mpira nao ni mweupe. Ukipigwa juu, hata wachezaji wenyewe walikuwa wakiupoteza machoni, wananyoosha mikono kuwaashiria wenzao kwamba hawauoni. Kwa mtu aliyekaa pale nilipokuwa nakaa mimi, besiboli ilikuwa mchezo wa watu wawili: mmoja anarusha, mwingine anapiga, na saba waliobaki wamesimama wakisubiri.

Target Field, uwanja mpya wa Twins, timu ya besiboli ya Minnesota, ilipofunguliwa Aprili 2010 niliwaona wale saba kwa mara ya kwanza. Ndicho ninachotaka kukieleza, maana watu wengi wa kwetu wakipelekwa besiboli na wafanyakazi wenzao hurudi wakisema mchezo wenyewe umelala. Haujalala. Inategemea macho unayaweka wapi, na uwanja uliojengwa vizuri unakusaidia kuyaweka.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilianza maisha ya Minnesota nikifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, kazi ambayo Waafrika Mashariki wengi wa huku wanaijua vizuri. Mmoja wa wazee hao alikuwa na redio kando ya kitanda, na kuanzia Aprili hadi mwisho wa Septemba redio ile haikuzimwa Twins wakiwa wanacheza. Timu hucheza mechi 162 kwa msimu, kwa hiyo ni karibu kila siku. Siku nyingine sauti ilikuwa ya Herb Carneal, mtangazaji aliyekuwa na Twins tangu 1962, mtu wa kuzungumza taratibu kiasi kwamba hata mimi niliyekuwa bado nahangaika na Kiingereza cha huku nilimfuata. Alifariki Aprili 2007, msimu ukiwa ndio unaanza, na mzee wangu aliomboleza kama kafiwa na ndugu. Msimu niliojifunzia mimi ulikuwa wa 2006, ule ambao Joe Mauer, mdakaji wa Twins (yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji) na kijana wa St. Paul, mji ulio ng'ambo ya mto Mississippi, alimaliza na wastani wa kupiga wa 0.347, yaani mapigo ya mafanikio karibu 35 katika kila mia. Katika American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, hakukuwa na mdakaji aliyewahi kuongoza ligi kwa kupiga kabla yake.

Mzee alinifundisha kwa namba. Kila nafasi ya ulinzi ina namba yake: mrushaji ni moja, mdakaji mbili, besi ya kwanza tatu, ya pili nne, ya tatu tano. Sita ni yule anayecheza kati ya besi ya pili na ya tatu. Halafu wale watatu wa nyuma kabisa, kushoto saba, katikati nane, kulia tisa. Kwa sisi tuliokulia kwenye soka ya kuitana namba sita na namba tisa, hilo lilituliza akili yangu mara moja. Mpira ukigongwa chini kuelekea kwa sita, sita akampa nne aliyekanyaga besi ya pili, nne akamtupia tatu kwenye besi ya kwanza, wapinzani wawili wanatoka auti kwa mpigo mmoja, na kwenye kadi unaandika 6-4-3. Tarakimu tatu, na mtu atakayeisoma kadi hiyo miaka ishirini baadaye ataujua mchezo wote ulivyokwenda. Jioni zilizokuwa tulivu nilikuwa naijaza kadi mimi, naye anasikiliza na kunisahihisha.

Kitu alichokuwa akilalamikia bila kuchoka ni upepo. Ujana wake alikuwa akienda Metropolitan Stadium kule Bloomington, uwanja wa wazi ambako Twins walicheza tangu walipohamia kutoka Washington mwaka 1961 hadi 1981. Siku hizi pale pamejengwa Mall of America, na ndani ya jengo, kwenye sakafu, kuna alama inayoonyesha ilipokuwa besi ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji. Kwa mzee, besiboli iliyoingizwa ndani ya nyumba ilikuwa imekatwa kiungo. Nilimsikiliza kwa heshima, lakini nilidhani ni machungu ya mtu kukumbuka alipokuwa na nguvu zake.

Kabla sijaingia uwanjani lazima niseme kuhusu fedha, kwa sababu mkazi yeyote wa kaunti ya Hennepin alihusika, awe anajua besiboli au hajui. Bunge la jimbo lilipitisha sheria Mei 2006 iliyoiruhusu kaunti kuongeza kodi ya mauzo kwa asilimia 0.15, yaani senti tatu kwa kila dola 20, na kaunti ikaingiza dola milioni 350 kwenye ujenzi. Wananchi hawakupigishwa kura. Sheria ile iliiondolea kaunti sharti la kuwauliza. Mimi niliamini wakati ule, na naamini mpaka leo, kwamba walipaswa kuulizwa, kwa sababu mwenye timu alikuwa tajiri na wengi wa waliozilipa zile senti tatu walikuwa watu wa mshahara wa saa kwa saa. Pamoja na hayo, sehemu ya kodi ile ile ilitengwa kwa ajili ya kuongeza saa za maktaba na michezo ya vijana, na maktaba ndiko nilikosomea mtihani wangu wa uuguzi baada ya zamu. Kwa hiyo nilipokwenda Target Field sikujiona mgeni mwalikwa. Nilikwenda kukagua kilichojengwa kwa fedha yangu.

Nilikwenda na mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa amehamia huku muda si mrefu, mtu wa Coastal Union tangu anajitambua, aliyekulia Mkwakwani. Tulipanda treni ya Hiawatha, ndivyo ilivyoitwa wakati huo, sasa ni laini ya buluu. Kituo cha mwisho kipo hapo hapo ubavuni mwa uwanja. Eneo lenyewe ni finyu ajabu: huku reli, huku barabara kuu, huku kiwanda kinachochoma taka za mji. Watu wa usanifu waliambiwa wauweke uwanja wa ligi kuu mahali palipokuwa pa kuegesha magari, nao wakaujenga kwenda juu na kuzitandaza njia zake za kupita juu ya barabara. Ukuta wa nje umevishwa mawe ya chokaa yaliyochimbwa humo humo Minnesota, ya rangi ya asali. Mdogo wangu aliweka kiganja juu yake, akasema ni kama mawe ya nyumba za zamani za pwani. Nami nikagusa. Kwa rangi hapana, lakini ule ukavu wake wa kukwaruza ndio wenyewe.

Milango imepewa namba za jezi zilizostaafishwa: 3 ya Harmon Killebrew, 6 ya Tony Oliva aliyetoka Cuba, 14 ya Kent Hrbek, 29 ya Rod Carew wa Panama, 34 ya Kirby Puckett. Tuliuzunguka uwanja ili tuingilie wa 34. Pale nje kuna sanamu ya Puckett akikimbia na ngumi juu, kama alivyokimbia usiku wa mechi ya sita ya fainali ya 1991 baada ya kuumaliza mchezo kwa pigo moja katika kipindi cha 11, maana vile tisa vya kawaida viliisha kwa sare. Kesho yake Twins walitwaa ubingwa kwa 1-0, Jack Morris akiwa amerusha vipindi vyote kumi peke yake. Watu walikuwa wanapanga foleni kupiga picha na sanamu wakiwa wamevaa makoti mazito, maana jua lilikuwepo ila baridi ilikuwa ya kweli.

Ushauri wangu kwa anayekwenda mara ya kwanza: fika mapema na usikimbilie kiti. Njia ya ghorofa ya chini inauzunguka uwanja mzima na iko wazi kwa ndani, kwa hiyo unatembea, unanunua chakula, unatafuta choo, na uwanja unauona muda wote. Tuliizunguka yote. Tulisimama nyuma ya uzio wa kushoto, tukasimama nyuma ya besi ya nyumbani, na kila tulipohama mchezo ulibadilika sura. Kutoka nyuma ya besi ya nyumbani unaona mpira unavyopinda. Kutoka pembeni huoni kupinda, unaona kasi. Katikati, nyuma ya uzio, kulikuwa na mstari wa misonobari midogo iliyopandwa kupendezesha. Wapigaji walilalamika kwamba vivuli vyake vinawasumbua kuona mpira, na baada ya msimu ule iling'olewa. Chakula sitakisemea sana: tulikula walleye wa kukaanga, samaki wa jimbo hili, mwenye nyama nyeupe na laini. Ni mzuri, lakini bei yake si ya mtu wa senti tatu.

Viti vyetu vilikuwa vya bei nafuu, juu kabisa, upande wa besi ya tatu. Nilipokaa niligundua kwamba shingo yangu imetulia. Kiti kilikuwa kimeelekezwa kwa mrushaji na mpigaji, na nyuma yao uwanja wote ulikuwa umetandazwa mbele yangu, nyasi halisi, mistari ya chokaa, wachezaji tisa wote ndani ya jicho moja. Kutoka besi hadi besi ni mita 27 na kidogo. Kutoka kwa mrushaji hadi besi ya nyumbani ni mita 18 na nusu, pungufu kidogo. Namba hizo nilikuwa nazijua kwa redio. Kuziona zimechorwa chini ni jambo jingine.

Baada ya vipindi viwili mdogo wangu akaniuliza, "Dada, hawa wengine mbona wamesimama tu?"

Nikamwambia asiuangalie mpira kwa dakika chache. Achague mtu mmoja asiye na mpira amfuate yeye tu. Akamchagua mdakaji, kwa sababu ya jina: huyo ndiye Mauer niliyemsimulia tangu nyumbani, aliyekuwa ametia saini mwezi Machi mkataba wa miaka minane wa dola milioni 184. Mpigaji wa wageni akagonga mpira chini kwa namba sita, mpira wa kawaida kabisa. Sita akauokota, akautupa kwa tatu, auti. Watu wote walitazama hapo. Mdogo wangu peke yake alimwona Mauer, na vifaa vyake vyote vya kifuani na vya miguuni, akikimbia sambamba na mpigaji kuelekea besi ya kwanza, nyuma ya mstari, ili mpira ukipita aukute yeye. Mpira haukupita. Akageuka, akarudi kwa kutembea, akachuchumaa tena.

"Anafanya hivyo kila mara?" akauliza.

Kila mara, mradi hakuna mpinzani kwenye besi anayemlazimu abaki nyumbani. Mdakaji anaweza kukimbia hivyo mechi nyingi mfululizo bila mpira hata mmoja kumfikia, na siku utakapopita, yupo. Kuanzia hapo tukawa tunatafutana: mwone huyo, mwone yule. Namba tisa naye alikuwa akikimbia kutoka mbali kulia kuziba nyuma ya besi ya kwanza. Mpira ukipigwa upande wa kulia, mrushaji aliyetoka kurusha sasa hivi anachomoka kwenda kukanyaga besi ya kwanza kwa sababu mwenye besi ameuendea mpira. Mpira ukienda mbali nyuma na kuna mtu anakimbilia nyumbani, mrushaji huyo huyo anakimbia nyuma ya mdakaji. Na kabla ya kila mpira kurushwa, wote saba wanasogea. Ni hatua moja, mbili, kulingana na nani anapiga na wana auti ngapi. Sita na nne wanaziba midomo kwa glovu wakiambiana nani atakwenda kwenye besi ya pili. Yote hayo yanamalizika kabla mpira haujaondoka mkononi.

Sisi wasichana wa Tanga tulicheza rede, na aliyewahi kusimama katikati anakumbuka kwamba yule wa kumwogopa si aliyeshika mpira, ni mwenzake aliye nyuma yako. Mdogo wangu alilelewa na dada, kwa hiyo nilipomwambia hivyo hakuhitaji maelezo mengine.

Hayo redio haiwezi kukupa, hata iwe na mtangazaji bora duniani, kwa sababu hakuna nafasi ya kusema nani amekimbia bure. Televisheni nayo inakuonyesha mgongo wa mrushaji na uso wa mpigaji. Mimi kazi yangu ni ya kusimama karibu na mtu ili asianguke, na siku nyingi haanguki, na hakuna anayeandika kwenye ripoti kwamba leo hakuanguka. Niliwatazama wale watu wakikimbia kwenda mahali ambapo mpira haukufika na nilijisikia kuheshimiwa. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Katika kipindi cha tano mdogo wangu akauliza kama kuna Mwafrika anayecheza huku. Wakati huo hakukuwa na aliyezaliwa Afrika aliyewahi kufika ligi kuu. Ilibidi tusubiri hadi Aprili 2017, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alipoingia na Pittsburgh Pirates na kuupiga vizuri mpira katika zamu yake ya kwanza kabisa. Siku ile nilimpigia simu mdogo wangu akiwa kazini. Na sasa hata Dar es Salaam, pale Shule ya Sekondari Azania, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani, kwa hiyo swali lake litapata majibu mengine.

Juu ya uzio wa katikati kuna bango kubwa la watu wawili, Minnie na Paul, yaani Minneapolis na St. Paul, wamesimama ukingo huu na ule wa mto. Mchezaji wa Twins akipiga homurani, mpira ukavuka uzio na kutua kwa mashabiki, taa zinawaka na wale wawili wanapeana mikono. Siku yetu hawakupeana. Na msimu ule hawakupeana mara nyingi kama watu walivyozoea Metrodome. Mauer aliyekuwa amepiga homurani 28 mwaka 2009 alipiga tisa mwaka 2010, na kati ya hizo moja tu ndiyo aliyoipiga hapa nyumbani. Mpira kwenye hewa baridi ya wazi hauendi ulivyokuwa ukienda ndani ya lile paa. Kipindi cha nane, Twins wakiwa nyuma kwa mmoja, mpira ulipigwa juu sana kuelekea kulia na uwanja mzima ukasimama. Nilikuwa tayari nimeshika mkono wa mdogo wangu. Ukafika juu, ukasita, ukaanza kurudi, na namba tisa akaudaka akiwa bado na nafasi nyuma yake. Tulifungwa kwa huo mmoja.

Kesho yake nilikuwa zamu. Mzee alikuwa ameisikiliza mechi yote, na mimi nilikuwa nimemwekea habari moja niliyojua itamfurahisha: mlingoti wa bendera wa Metropolitan Stadium umerekebishwa na kusimamishwa tena pale Target Field, na nimeuona. Alifurahi kweli, akanyamaza kidogo. Kisha swali lake la kwanza halikuwa mawe, wala viti, wala mdogo wangu ameuonaje mchezo. Aliuliza upepo ulikuwa unavuma kutoka wapi.

Nikamwambia bendera zilikuwa zinavutwa kuja ndani, kutoka kulia kuelekea besi ya nyumbani, na zilizidi kadiri alasiri ilivyokwenda.

"Basi ule mpira wa kipindi cha nane," akasema, "kule kwenye paa ungekuwa homurani." Akaomba kalamu na kadi yangu, akachora nukta upande wa kulia, karibu na besi kuliko inavyozoeleka, akaanza kunieleza kwamba kwa upepo wa namna hiyo namba tisa hukaa hapo, mbele kidogo, kwa sababu mpira utamrudia. Nikamwambia nilimwona. Alisogea mbele tangu kipindi cha saba, kabla mpigaji hajaingia, na hakuna mtu aliyemwambia kwa sauti. Mzee akanitaka nimwonyeshe kwenye kadi hatua ngapi, nami nikachora nukta yangu kando ya ile yake. Hatukukubaliana kwa hatua kama mbili, na tulibishana mpaka muda wa dawa zake za jioni.